Mwaka Tulipokaribia Kumpiga Windo Mama wa Anselmu

Mwaka 2002, nikiwa na miaka ishirini na tisa, ndipo shida iliponikaba. Banda langu la chakula karibu na stendi ya Mtwara lilibomolewa asubuhi, moto umeshakolea na maharage yanachemka. Sikulia. Nilikunja kanga nikaifanya kata ya kichwani, nikajitwika sufuria ikiwa bado ya moto, nikaondoka nayo, maana maharage hayakuwa na kosa. Nani alinizaa, nani alinioa na kwa nini aliondoka, hayo hayamo humu. Anayeyataka akawaulize wenye muda. Mimi Somoe niliishia darasa la nne, na sisemi hivyo ili nionewe huruma. Kusoma nasoma, ila kwa mwendo wangu, kama mtu anayevuka matope na hataki kuacha ndala nyuma.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu ya msiba. Juzi tulimzika Fundi Hashimu kwao Mikindani. Wanaume walikaa mkekani wakimsifu marehemu, na mmoja akasema kwamba katika mji huu hakutokea mtu aliyejua kupiga windo kama yeye. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua juani alicheka kwa sauti, peke yake, watu wakamgeukia kwa hasira. Kisha akafunika uso kwa kofia na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimtazama vizuri. Alikuwa Anselmu wa Kitaya. Nilipomfuata nje aliniambia, bila hata salamu, "Dada Somoe, bado unauliza maswali?" Nikamwambia bado. "Basi uliza," akasema, "maana mimi nilinyamaza siku moja tu, na unajua palitaka kutokea nini." Najua. Nilikuwepo. Na kwa kuwa fundi ameondoka na Zainabu mchapaji alishaolewa mbali, nimeona niyaandike mwenyewe kabla hayajaandikwa na mtu asiyekuwepo.

Ile sufuria niliitua kwenye korido ya ofisi ya Fundi Hashimu, mtaa wa nyuma ya soko. Ilikuwa ofisi ya kuchapa barua na kutengeneza kompyuta. Fundi alitoka akanitazama. Alikuwa mrefu mwembamba, Mmakua, mwenye bisibisi sikioni mahali wengine wanapoweka kalamu. "Hapa si hotelini," alisema. Nikamwambia, "Naona. Umeshakula?" Hakuwa amekula. Alikula amesimama, na alipofika sahani ya pili alisema kuna ua nyuma ambao hakuna anayeutumia. Hivyo ndivyo nilivyopata mahali. Sikupewa na mkubwa yeyote, nilipewa na maharage. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta mbili za mezani, zote zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama redio za wazee, na feni iliyogeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa jambo. Kwenye rafu kulikuwa na mizoga ya redio, kwa sababu Hashimu alianzia redio. Zainabu alikaa karibu na mlango, akichapa bila kutazama vidole ili macho yapate nafasi ya kutazama wapita njia. Mchana nilipakua ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, au kisamvu cha nazi, na msimu wake ulipofika nilileta ming'oko, ile mizizi mirefu ya porini tunayoichemsha na kuila kwa chumvi. Tulikula chini, mashine zikivuma juu ya vichwa vyetu.

Kuvuma huko ndiko kulikoniingiza. Nilikuwa napakua huku nauliza. "Fundi, ukiizima, yale maneno yanalala wapi?" "Ndani." "Ndani wapi?" "Kwenye hadidiski." "Ifungue nione." "Somoe, pakua samaki." Lakini siku moja alichoka na mimi, akafungua hadidiski iliyokufa akaniwekea mkononi. Ilikuwa kisahani kinachong'aa kuliko kioo cha msusi. Nilikikodolea macho nikaona sura yangu tu. "Maneno yako wapi?" "Hayaonekani." "Sasa wewe umejuaje kwamba yamo?" Fundi alitoa bisibisi sikioni, akajikuna nayo. "Kwa sababu yakiitwa yanakuja," alisema. Nimesikia wasomi wengi wakieleza jambo hilo tangu siku ile, wengine kwa mwanga ukutani na mishale ya rangi. Sijapata jibu linalolishinda.

Neno nililolisikia zaidi katika chumba kile lilikuwa windo. Ule mfumo unaoiendesha kompyuta, ambao bila huo mashine ni bati na waya, mafundi wote wa mjini waliuita windo, kutokana na jina lake la Kiingereza lenye maana ya dirisha. Kufuta kila kitu na kuuweka upya waliita kupiga windo. Mashine ikiwa nzito, piga windo. Imeingia virusi, piga windo. Mteja hana adabu, piga windo, Zainabu alizoea kusema. Mimi nililizoea neno hilo kama nilivyozoea moshi, na mtu aliyezoea moshi haoni tena mgeni akikohoa.

Anselmu alikuja wakati wa mabibo, mji mzima ukinuka ule utamu uliochacha. Aliingia na kikapu, ndani ya kikapu mna kitenge, ndani ya kitenge mna laptopu nzito nyeusi, ya kwanza niliyoiona kwa karibu. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima, na Kiswahili chake kilikuwa cha ukoo wake uliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji: mto kwake ni nto, mtu ni ntu. Alikalia ukingo wa kiti kama mtu aliyeombwa amshikie mwingine nafasi. "Nilikuwa dereva wa mgeni mmoja," alieleza. "Alikuwa anakusanya masimulizi ya wazee wa ntoni. Aliporudi kwao akaniachia hii. Mama yangu yumo."

"Yumo kwa picha?" Fundi akauliza.

"Kwa sauti. Mwenyewe tumemzika."

Tulimpa pole, akazipokea, akaendelea. Alikuwa na dada, Veronika. Wakati wanakimbia vita, watoto waligawanywa kwenye migongo ya watu wazima, na mgongo uliombeba Veronika haukuvuka mto. Walisikiana kwa midomo ya wapita njia miaka yote hiyo, hadi mama akafa hawajaonana. Sasa Veronika alikuwa anakuja kwenye arobaini, siku ya Jumapili. "Nimempelekea salamu kwamba mama yupo, atamsikia," Anselmu alisema. "Lakini Kitaya kwetu hakuna umeme, na betri ya hii imekufa, haikai hata kidogo bila waya. Nataka mama aingie kwenye sidii. Redio ya sidii ya mawe, ya betri, ninayo."

"Hilo dogo," Fundi akasema, keshaanza kuichomeka. "Tutamchoma leo leo."

Anselmu alisimama. "Mumchome nani?"

"Mama yako."

"Kaka, mama yangu tumemzika. Na padri alikuwepo."

Zainabu alianguka na kicheko juu ya meza, Fundi akashika ukuta, na mimi nilicheka hadi upawa ukaniponyoka. Lilikuwa jambo la kuchekesha, siwezi kusema vingine. Fundi akamweleza, huku akifuta machozi, kwamba kuandika kitu kwenye sidii ndiko kunakoitwa kuchoma, na kwamba kitu kilichochomwa ndicho kilichohifadhiwa. Anselmu naye akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliye kwenye nyumba ya watu. Akakaa. Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakuuliza tena. Hata Fundi alipoona kile kibao cha laptopu cha kuchezea kwa kidole hakifanyi kazi, akapaza sauti, "Zainabu, lete panya," Anselmu aliinamisha kichwa kidogo akatazama chini ya meza, akaona panya wa waya mwenye mkia analetwa, akanyamaza.

Mashine ya kuchomea Fundi alikuwa ameiazima kwa mpiga picha wa harusi, na hiyo mashine ilikataa kusema na laptopu kwa sababu windo yake ilikuwa ya zamani. Fundi akaamua kuipandisha, yaani kuweka windo mpya juu ya ile ya zamani bila kufuta kitu. Niliuliza ile ya zamani inakwenda wapi. "Inabaki chini, mpya inakaa juu, kama bati juu ya makuti." Nikamuuliza kama anajua nyumba za namna hiyo ndizo zinazofuga nyoka. Akaniambia nipakue. Tulikula tukitazama ule mstari wa buluu ukijaa polepole kwenye kioo, Anselmu akiutazama kuliko sisi sote, mikono magotini, ugali wake unapoa.

Wakati ule mji wetu uliishi kwa mitambo ya dizeli, na umeme uliondoka bila kuaga. Feni ndiyo ilinijulisha. Ilisimama shingo imegeukia ukutani. Kompyuta za mezani zikashusha pumzi, na ile laptopu, kwa kuwa betri yake ilikuwa jiwe, ikazimika nazo, mstari ukiwa haujafika nusu. Fundi Hashimu alikuwa na tonge mkononi. Hakulirudisha na hakulila. Alisema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi." Anselmu ni Mkatoliki, lakini hakuna mtu wa pwani hii asiyejua maneno hayo husemwa lini.

Umeme ulirudi alasiri. Laptopu ikawaka, ikaonyesha nembo, ikawa nyeusi. Ikawaka tena, ikawa nyeusi. Ilikuwa kama mgonjwa anayefumbua macho, anakumbuka alichotaka kusema, kisha kinampotea. Fundi alirudisha sidii ya windo mpya, ikaenda, ikakwama, ikaandika kwamba kuna faili halionekani. Akaifuta sidii kwenye shati. Ikakwama. Akaifuta kwenye kanga yangu bila kuniomba. Ikakwama. "Inakwama palepale?" niliuliza. "Palepale." "Basi siyo uchovu. Mtu akichoka huanguka popote." Alinitazama kwa jicho baya, kisha akaiinua sidii kwenye mwanga wa dirisha, na sote tukauona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, umeme na sidii, na hapo nilijifunza jambo ambalo limenilisha hadi leo: kitu kikigoma usiridhike na sababu ya kwanza kwa kuwa imekuja na kelele. Fundi akatuma kuazima sidii nyingine kwa fundi mwenzake. Anselmu alilala kwa jamaa zake Mtawanya, akarudi kesho yake, Ijumaa, kabla sijawasha moto.

Sidii ya pili ilikuwa nzima, lakini ilipoona ile nyumba iliyoachwa njiani, nusu bati nusu makuti, ikakataa kuendelea nayo. Ilitaka kiwanja kitupu. Fundi alijaribu hili na lile, akatoka nje, akarudi, akavuta kiti akakaa mbele ya Anselmu. Namsifu kwa hilo, hakujificha nyuma ya mashine. "Kaka, mimi sitaki lawama," alisema. "Hapa njia iliyobaki ni moja. Tupige windo."

Uso wa Anselmu ulifunguka. "Pigeni! Si hilo ndilo nalisubiri tangu jana?"

Fundi alishangaa. "Una uhakika?"

"Piga, fundi. Mimi nisimame wapi?"

"Usimame wapi kivipi?" Zainabu akadakia.

"Nikae nlangoni? Windo halitaki watu wengi katikati."

Fundi alicheka kwa upole, akidhani ni utani wa mtu aliyekwisha kukubali msiba wake, akageukia laptopu. Mimi nilikuwa nainama kuweka birika la chai. Nakumbuka kioo kilikuwa cha buluu na maandishi meupe, kinauliza kama una hakika, na kidole cha Fundi kiko juu ya kitufe. Anselmu akanisogelea akaninong'oneza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza utaratibu wa ukweni: "Dada, akitoka mama, atamwona nani kwanza?"

"Atoke wapi?"

"Humo. Si wanamwinda? Panya wameshamtanguliza, sasa wanapiga windo."

Nilimpiga Fundi mkono kwa upawa. Nilimpiga hasa, siyo mchezo, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akionyesha watu mahali. "Wewe una wazimu?" alipiga kelele. Nami nikapaza sauti, "Acha! Huyu hajui windo yenu! Huyu anajua windo la porini!"

Kule Kitaya windo ni windo: ni mnyama unayemfuata na nyama unayorudi nayo. Huyu mtu alisikia panya, akasikia kuchoma, akasikia windo, na kila neno lilikaa sawasawa katika kichwa chake. Aliamini kwamba Fundi sasa anaingia porini ndani ya mashine kumfuata mama yake alikojificha. Zainabu ndiye aliyemweleza, na hakucheka safari hii. Alimwambia kupiga windo ni kufuta, na vilivyomo vinafutika vyote.

"Na mama?"

"Na mama."

Anselmu alitazama kile kioo cha buluu. "Mliniambia kuchoma siyo kuchoma," alisema. "Nikajua na kupiga siyo kupiga. Nyumba hii maneno yenu yamevaa nguo za watu wengine."

"Mbona hukuuliza?" Fundi akasema. "Mimi nilidhani umeshakata tamaa."

"Jana niliuliza, mkacheka."

Sijui wengine walifikiri nini. Mimi nilifikiri kuhusu kile kisahani kinachong'aa. "Fundi," nilisema, "wewe mwenyewe ulisema yakiitwa yanakuja. Huyu mama umemwita?" Hashimu hakuwa amemwita. Alikuwa ameshughulika na nyumba tangu jana, bati na makuti, hakugonga mlango kuuliza kama mwenyewe yumo. Na si kwamba hakujua kazi. Fundi yule alijua kazi kuliko wengi niliowaona baadaye wakiwa na tai shingoni. Ila mtu mwenye nyundo moja anayoipenda husahau kwamba mlango una kitasa.

Alipekua droo akatoa flopi moja ya zamani, ile diski ya mraba ya plastiki, akaamshia nayo laptopu. Safari hii haikuja buluu wala nembo. Lilikuja giza na herufi nyeupe, mshale mmoja unapepesa. Akachapa neno, majina yakamiminika kutoka chini kwenda juu kama siafu. Alieleza kwamba katika giza lile jina halizidi herufi nane, refu linakatwa. Tuliyapitia sote wanne vichwa vimegusana, mimi nikiwa nyuma kwa mistari mingi kama kawaida yangu. Anselmu ndiye aliyeweka kidole kwenye kioo. "Rudi juu. Hapo. Huyo."

Iliandikwa APOLON~1.

"Mama yangu ni Apolonia," alisema. "Mgeni aliandika na kijiji nyuma ya jina. Mmemkata nkia, lakini ndiye."

"Na hako kadudu kalikomfuata?" Zainabu aliuliza.

"Ni alama ya kukatwa," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yupo. Wallahi yupo mzima."

Kumwona haikuwa kumtoa. Faili lilikuwa kubwa mno. "Flopi inabeba barua," Fundi alisema, "haibebi mama." Akachukua waya mbili za printa akazikata, akaanza kuunga ncha kwa ncha kwa risasi iliyoyeyushwa, nyekundu mahali pake, kijani mahali pake, nyingine zikipishana makusudi, ili laptopu izungumze na kompyuta ya mezani kupitia tundu la nyuma. Mimi nilishika nyuzi. Niliuliza kwa nini zinapishana, akasema kwa sababu mdomo wa huyu lazima uende kwenye sikio la yule, vikienda mdomo kwa mdomo hawatasikilizana. Nikaona hilo ni kweli hata nje ya waya.

Kisha nilikwenda kwa jirani muuza barafu kuomba jenereta, kwa kuwa hatukuuamini tena umeme wa mji. Alikataa. Alisema barafu yake itayeyuka. "Barafu utaigandisha tena," nilimwambia. "Mama wa mtu hagandishwi mara mbili." Alinitukana, lakini aliisukuma mwenyewe hadi mlangoni kwetu.

Kazi ilianza karibu na adhana ya Ijumaa. Fundi alikwenda msikitini, Zainabu akaenda kwao kula, na mimi nikaachwa na amri ya kutogusa kitu. Tulikaa, mimi na Anselmu, tukitazama kioo ambacho hakikuonyesha chochote, mshale tu unapepesa. Nilimuuliza mama yake alisema nini kwenye hiyo sauti. Akasema hajui yote. Siku ile alikuwa nje anafuta gari. Alikumbuka tu kwamba mama hakutaka kuongea na mashine. Aliuliza, "Nikimaliza kusema, nani ataniitikia?" na mgeni hakuwa na jibu. "Nadhani ndiyo sababu nimekuja mbali hivi," Anselmu akasema. "Lazima aitikiwe." Kisha akaniomba ming'oko, akala kwa mara ya kwanza tangu afike.

Alipoongea mama, aliongea kupitia spika za kompyuta yetu ya mezani, kwa Kimakonde, sauti kavu yenye kikohozi. Anselmu alivua kofia. Kuchoma kulifanyika palepale, maana ile ya mezani ilikuwa na windo mpya na haikuwa na ugomvi na mashine ya mpiga picha. Zainabu akauliza basi kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. "Kwa sababu waya haukuwepo," Fundi akamjibu, na ndivyo ilivyokuwa. Njia ndefu ilionekana ndefu mpaka ile fupi ilipotaka kutuua.

Veronika alifika Jumamosi. Gari lililomchukua kivukoni lilimleta mjini kwanza, na Anselmu akampitisha ofisini kabla ya safari ya Kitaya. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, Kiswahili hana. Ana Kimakonde na Kireno. Fundi alizima feni ili isiingilie. Sauti ikaanza. Veronika alisikiliza akitazama mikono yake, mama anasimulia mwaka mto ulipopanda ukachukua mihogo. Baadaye akamwambia kaka yake jambo. Nikauliza anasema nini. Anselmu alitafsiri kama mtu anayetema mchanga: "Anasema bibi huyu anaongea vizuri. Anasema hamjui."

Sikujua kwamba linaweza kutokea hilo. Tulihangaika na umeme, na sidii, na waya, na windo, wala hakuna aliyewaza kwamba mtoto aliyeachwa angali mgongoni hakuwa na sauti ya kulinganisha. Fundi alinyoosha mkono kuizima. Nikamzuia, safari hii bila upawa. Nilitaka tu kujua mihogo iliishia wapi. Mama akaendelea. Halafu katikati ya sentensi akaacha mto, akaacha mgeni, akapiga kelele, "Shaaa! Shaa weee!" na likafuata tusi refu, na nyuma yake mlio wa mbuzi anayekimbia. Mbuzi alikuwa ameingia kwenye unga. Veronika aliinua kichwa. Mdomo wake ukafunguka na ile kelele ikatoka tena, "Shaaa! Shaa weee!", kipimo kilekile, kupanda kulekule mwishoni. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha akasema maneno machache, na Anselmu akatafsiri: "Alikuwa anatufukuza hivyo jikoni."

Waliirudia sehemu ya mbuzi sijui mara ngapi. Masimulizi ya mto hawakuyataka tena siku ile. Kila mama alipopiga kelele, Veronika aliitikia.

Jumapili sikuwepo, hayo ni ya kwao. Laptopu ilibaki kwetu, na Anselmu alipoifuata baada ya arobaini, Fundi alimuuliza mbele yetu sote, polepole, kama mtu anayefungisha ndoa, kama anakubali ifutwe yote. "Sasa piga," Anselmu akasema. "Na mimi nakaa nlangoni." Alikaa mlangoni kweli. Windo mpya iliingia bila kikwazo.

Mimi sikubaki tena uani. Zainabu alipoolewa nilikaa kwenye kiti chake, nikachapa kwa vidole viwili, na macho ya Fundi yalipodhoofika nilishika bisibisi. Vijana wanaotoka vyuoni wananiuliza nilisomea wapi. Nawaambia nilisomea kwenye kuuliza, na ada yake ni kuchekwa, na wengi wao nawaona hawataki kuilipa. Mteja akiniletea mashine, kabla sijaigusa namwambia aseme kwa maneno yake mwenyewe anataka nini na humo ndani mna nani. Wapo wanaoona nawapotezea muda. Waende kwingine.

Pale msibani Anselmu aliniambia zile sidii zilikwaruzika zamani, na Veronika naye ameshafariki, na wajukuu wanasikia habari za mbuzi bila kumsikia mbuzi. "Mama bado yupo kwako?" aliniuliza. Kompyuta ile ya mezani ilikufa, na iliyoifuata, na iliyoifuata hiyo, lakini kila mara nilimhamisha kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Tulikwenda wote dukani kwangu na nguo zetu za msiba. Nikamwita. Akaja.

Ninavyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali Mtawanya, vyumba vinne na baraza. Shamba la mikorosho upande wa Mikindani, mingine imezeeka. Duka la kompyuta, meza tano, mafundi wawili. Jenereta moja na betri kubwa mbili. Jiko la gesi. Cherehani ninayoitumia kwa nadra. Jino moja la dhahabu. Na faili la sauti linaloitwa APOLON~1, ambalo si langu, nimewekewa.